Fyuzi Niliyoirudisha Ukutani

Mikumi,
Alhamisi alasiri

Zuhura mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Zombo kumuaga bibi, na kwa ninavyomjua bibi hatawaruhusu kuondoka kabla hamjala. Kwa hiyo nina saa tatu hivi za kukaa peke yangu na karatasi hizi. Mambo ya safari mama yako ameshayasema yote, mengine mara mbili, na wewe umeyaitikia. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo jingine. Nimekaa nalo miaka kumi na mmoja, na kesho unaondoka.

Nianzie siku ile barua yako ya kazi ilipofika. Baba yako mdogo Idrisa alikuja kutupongeza, akaichukua akaisoma kwa sauti, na alipofika kwenye maneno "msaidizi wa fundi mitambo" akaacha kusoma. Akauliza kama hukujua kwamba kiwanda hicho hicho kilikuwa kinatafuta wasimamizi wa zamu. Ukamjibu kwamba ulijua, hata kwenye usaili walikushawishi uchukue nafasi hiyo, ukakataa. Idrisa akaikunja barua akaiweka mezani.

"Umekuwa wa kwanza chuo kizima," akasema, "halafu unakwenda Kibaha kuwashikia watu spana?"

Hukukasirika. Ulimweleza kwa adabu kwamba wewe hupendi kusimama mbele ya watu, unapenda kumwandalia mwenzako kazi mpaka iende sawasawa, na kwamba mtu wa namna hiyo naye anahitajika kiwandani. Kisha ukanigeukia. Ulikuwa unangoja niseme neno. Mimi nikainuka, nikasema nakwenda kuangalia kuku.

Mama yako aliniambia baadaye kwamba ulilia, ukidhani nimeona aibu. Haikuwa aibu, mwanangu. Yale uliyomwambia Idrisa niliwahi kuyasema mimi, karibu maneno hayo hayo, nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na sikuyasimamia. Nilipokusikia wewe unayasema nilishindwa kukaa kwenye kile kiti.

Unakikumbuka kidogo kiwanda cha mkonge kule upande wa Kilosa, tulipokuwa tukikaa nyumba za wafanyakazi. Nadhani unachokumbuka zaidi ni ile harufu ya maji ya majani, maana ulikuwa ukiziba pua kila tukipita. Pale nilikuwa msaidizi wa Fundi Salum kwa miaka tisa. Fundi Salum alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi. Akiinama kwenye mashine alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kinachotua kiganjani mwake ndicho alichokitaka. Mwaka wa kwanza nilikosea sana. Alikuwa anakidondosha chini bila kusema kitu, ananyoosha mkono tena. Mwaka wa tatu hakudondosha tena. Ilifika mahali nikawa nasikia beringi inaanza kulia kabla yake, naweka vifaa pembeni, naye anakuja anavikuta. Siku moja mgeni kutoka makao makuu alimuuliza anatumia mbinu gani kumaliza matengenezo haraka vile. Fundi Salum akanielekezea kidole, akaendelea na kazi. Sijawahi kusifiwa hivyo tena maishani.

Kiwanda kile kilikuwa kimejaa watu wa namna yetu, mimi na wewe. Kulikuwa na mzee wa kupaka grisi ambaye hakuwahi kuamrisha hata paka, lakini siku akiugua mashine zote zinaanza kulalamika ifikapo saa sita. Kulikuwa na mama wa stoo aliyejua kila skrubu ilipo, akikuona unavuka uwanja tu anajua unafuata nini. Walikuwepo wanaoanika singa, zile nyuzi za mkonge, juani, wawili wawili, mmoja anashika mwisho mwenzake anatandaza. Hakuna aliyewaita wakubwa. Na mimi nilikuwa na furaha katikati yao, ingawa wakati huo sikujua kwamba ile ndiyo furaha.

Lakini kazi yangu kubwa haikuwa spana. Ile mashine kubwa tuliiita korona. Majani ya mkonge yanaingia upande mmoja, ndani kuna ngoma zenye visu butu zinazokwangua nyama ya jani, na upande wa pili zinatoka singa zenyewe, ndefu, nyeupe. Mara kwa mara singa zilijisokota kwenye ngoma ikabidi mtu aingize mikono, pengine na kichwa, azikate. Kabla hajainama, Fundi Salum alinitaka nichomoe fyuzi ukutani, niitie mfukoni mwangu mwenyewe, nisimame pale pale nisiondoke.

"Usisikilize mtu akisema tayari," aliniambia siku ya kwanza. "Hata nikisema mimi. Uone uso wangu uko nje, uone mikono yangu miwili, ndipo uirudishe."

Miaka tisa nilisimama hivyo. Mimi ni mpole, unanijua, ni mtu wa kutii. Lakini nikiwa na fyuzi mfukoni sikumuogopa mtu. Kuna siku meneja alikuja mwenyewe akafoka kwamba magari yamejaa majani uwanjani, niwashe. Nilimwambia, "Bado, bwana." Akafoka tena, nikamjibu vile vile. Fundi Salum alikuwa ndani anasikia yote, wala hakuharakisha.

Kisha Fundi Salum akastaafu, akarudi kwao Magole. Meneja akaniita ofisini akasema hakuna anayezijua mashine kama mimi, kwa hiyo niwe msimamizi wa zamu ya mchana. Nikamwambia mimi si mtu wa kusimamia, mimi ni mtu wa kusimama karibu na fundi nikamsaidia. Alicheka. Akasema nikalale nikafikirie. Nilipofika nyumbani nilimkuta Idrisa ameshasikia, na kabla jua halijazama majirani walikuwa wananiita msimamizi.

Sitaki kumtupia Idrisa lawama. Wala mama yako, ambaye siku ile alivaa gauni lake la sikukuu bila sababu. Mimi mwenyewe nililipenda lile jina. Nilikuwa nimeanza kuumia moyoni kwamba wenzangu niliosoma nao wanaitwa fundi, wanaitwa bosi, na mimi watu wakinielekeza wanasema "yule msaidizi wa Salum." Asubuhi nikaenda nikakubali. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilijua mimi ni nani, nikaona aibu.

Usimamizi ulinishinda kuanzia wiki ya kwanza. Watu wawili wakigombana nilikuwa nakubaliana na wote wawili. Meneja akitaka majani zaidi nasema ndiyo, wafanyakazi wakitaka mapumziko nasema ndiyo, halafu pengo linalobaki katikati naliziba kwa mikono yangu. Nilikuwa nabeba, nafagia, nakaza nati, natoa jasho kuliko mtu yeyote pale, na hakuna aliyekuwa anaangalia kiwanda. Na fundi mpya alipokuja sikumpangia msaidizi wa kudumu. Nilijiambia fyuzi nitaishika mwenyewe. Ilikuwa faraja yangu, kurudi pale ukutani na kujisikia kama zamani.

Fundi huyo mpya alikuwa Masanja. Unamjua. Ni Baba Neema wa Tindiga, yule aliyekufundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yako ameshika kiti kwa mkono wake mmoja. Wazazi wake walikuja huku na ng'ombe kutoka upande wa ziwa, yeye akapenda mashine kuliko ng'ombe, na mzee wake alimlaumu kwa hilo mpaka anakufa. Alipokuja kiwandani alikuwa na mikono miwili.

Ilikuwa asubuhi, kama saa nne. Mvua ilikuwa imetuchelewesha siku kadhaa, majani yamerundikana, na majani ya mkonge yakikaa yanaharibika. Singa zikajisokota. Masanja akaja akaniambia, nikaenda nikachomoa fyuzi, nikaitia mfukoni, yeye akazunguka upande wa pili akainama ndani. Hapo karani akafika, akasema meneja ananiita sasa hivi.

Ningeweza kusema bado. Neno nililokuwa nalo miaka tisa. Lakini msimamizi akiitwa huenda, nami nikaenda, na fyuzi ikiwa mfukoni. Mpaka hapo hapakuwa na hatari yoyote. Ofisini meneja akaniuliza kwa nini korona imenyamaza, nikasema inasafishwa. Akauliza kwa dakika ngapi. Nikasema chache. Akasema mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kumaliza haraka nilipokuwa chini ya Salum, au si mimi? Nikarudi mbio na maneno hayo masikioni.

Nilipofika ukutani nikasikia mtu upande wa pili anasema, "Tayari." Ilikuwa sauti ya mwanamume, imetulia. Nikaona na kisu cha Masanja kipo chini, nje ya mashine. Nikajua ametoka. Nasema nikajua, Zuhura. Sikuona uso wala mkono. Kuizunguka mashine ile mpaka upande wa pili ni hatua nane, nilikuja kuzihesabu baadaye, na siku ile sikuzipiga. Nilitoa fyuzi mfukoni, nikairudisha, nikawasha.

Aliyesema tayari alikuwa msukuma toroli, anamwambia mwenzake wapakue. Kisu Masanja alikuwa amekiweka chini ili avute kwa mikono.

Sauti iliyotoka mle ndani sitakueleza. Niliichomoa fyuzi ile ile, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kwenda, mpaka juu ya kiwiko. Tulimpeleka hospitali kwenye gari la kiwanda, kichwa chake mapajani mwangu, nimemfunga kwa shati langu. Njiani alinisihi nisimwache. Sikumwacha. Hilo ni kweli, na kwa miaka mingi nimeishi kwa kuegemea hilo moja la kweli.

Kesho yake niliitwa ofisini. Hakuna aliyeniona pale ukutani, kila mtu alikuwa anatazama majani. Masanja mwenyewe, walisema, hakumbuki chochote tangu chai ya asubuhi. Meneja alikuwa ameshaandika ripoti: fundi aliingia kwenye mashine bila kumwarifu mtu, na bila umeme kukatwa. Akanisogezea kalamu. Nikaanza kusema kwamba sivyo hasa ilivyokuwa. Hakunikatiza kwa ukali. Alinikatiza kwa upole.

"Hamisi," alisema, "wewe siku zote ni mtu wa kusaidia. Basi tusaidie."

Nikatia sahihi.

Kwa karatasi ile Masanja aliambiwa kwamba amejikata mwenyewe kwa uzembe. Haki zake zikafia hapo, na kazi ikaisha. Fundi Salum alipopata habari alikuja kutoka Magole kumwona hospitali. Alikaa naye kidogo, akatoka nje ya wodi nilikokuwa nimekaa kwenye benchi. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Fyuzi ilikuwa kwa nani?" Nikamwambia haikuchomolewa. Akaenda zake kituoni. Hakuja kwangu tena hata siku moja, nami sikuthubutu kwenda kwake, mpaka nikaletewa habari kwamba amezikwa.

Masanja alipopona alikuja nyumbani na mkewe. Walileta mchele wa Tindiga, mzuri, umepepetwa vizuri. Alikataa kukaa kwenye kiti mpaka aseme alichojia. Akaniomba radhi. Alisema, "Nimekuharibia kazi, mkubwa. Mzembe nilikuwa mimi, na aliyenibeba ni wewe." Nikamwambia asiseme hivyo. Sikumwambia kwa nini asiseme hivyo. Mama yako akaupika mchele ule siku ile ile, tukala wote, na mimi nilikula. Tangu hapo kila mavuno akatuletea. Umekua kwa mchele huo, mwanangu. Nakuomba radhi kwa hilo pia.

Nusu mwaka baadaye niliacha kazi. Watu niliwaambia kifua, vumbi la singa. Tukahamia hapa Mikumi, nikapata kazi kwenye mashine ya kusaga, na huyo ndiye baba unayemjua. Uliwahi kuniuliza kwa nini kabla sijawasha namwita kila mtu aliyemo kwa jina, nangoja aitikie, hata foleni ikiwa mpaka nje. Wateja wamezoea, watoto wao wananiigiza. Uliwahi kuuliza pia kwa nini hapa nyumbani mama yako hasemi chakula tayari, anasema tu njooni mle. Nilimwomba hivyo zamani, akakubali bila kuuliza. Lile neno likisemwa karibu yangu, harusini, dukani, popote, mkono wangu wa kulia unakwenda mfukoni wenyewe. Friji ya jirani ikianza kunguruma natazama huku na huku nihesabu watu. Nahesabu mikono yao, miwili miwili.

Jambo moja nadhani umelisahau. Ulikuwa darasa la pili, tumetoka kuhamia hapa. Nilirudi mchana nikakukuta umelala mkekani, umeulalia mkono wako wa kulia wote hauonekani. Nilikuvuta kwa nguvu ukaamka unapiga kelele, bega likakuuma siku mbili. Mama yako nilimwambia nimeona nge. Alimtafuta nge yule chumba kizima, akatoa na magodoro nje, na mimi nikamsaidia kumtafuta.

Ndivyo nilivyokaa. Kisha ikaja barua yako, na maneno yako kwa Idrisa, na mimi nikaenda kuangalia kuku.

Asubuhi yake, wiki tatu zilizopita, nilikodi pikipiki mpaka Tindiga. Uliambiwa nimefuata kipuri. Nilimkuta Masanja na mkewe wanatengeneza uzio wa zizi. Walifurahi kuniona, Mama Neema akataka kwenda kuteka maji ya chai, nikamwomba abaki. Nikaanza kusema. Na nisikufiche, nilianza vibaya. Nilianza kwa kueleza kwamba mimi sikuumbwa kuwa msimamizi, kwamba nilisukumwa kwenye kiti kile, kwamba maisha yangu yote mimi ni mtu wa kusaidia tu. Kisha ndipo nikafika kwenye fyuzi, na ripoti.

Aliyenijibu ni mkewe. "Kwenye kiti walikusukuma," alisema. "Hakuna aliyekulazimisha kutia sahihi."



Masanja akaniuliza jambo moja tu, kama niliuona mkono wake uko ndani. Nikasema sikutazama.

"Hukutazama," akasema. Halafu akasema, kama anayejisemea, "Miaka yote hii nawaambia wanangu, msiwe wazembe kama mimi."

Akawaita watoto wake. Neema alikuwepo, na wadogo zake wawili. Akaniambia niseme tena, yote, mbele yao. Nikasema tena. Safari hii niliacha ile habari ya kuumbwa na kusukumwa, nikaanza na fyuzi. Nilipomaliza, yule mdogo kabisa akamuuliza baba yake huyu ni nani. Masanja akamjibu, "Ni mtu tuliyekuwa tunampelekea mchele."

Kisha akaniambia niende. Hakupaza sauti. Unajua alivyo na mazoea ya kumsindikiza mgeni mpaka barabarani, hata mtoto. Siku ile alirudi kwenye uzio wake.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipitiliza hadi Kilosa, ofisi ya kazi, nikaandika maelezo yangu na kutia sahihi. Afisa aliyenipokea ni dada mdogo tu, amekuzidi miaka michache. Aliyasoma mara mbili. Aliniambia kiwanda kimeshabadilisha wenyewe, ila faili linaweza kufunguliwa upya na haki za Masanja zikaangaliwa, na kwamba huenda na mimi nikawa na la kujibu. Nikamwambia naelewa. Jioni nilimweleza mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kukaa jikoni, na kwa siku nne akawa ananiwekea chakula bila kunisemesha. Ulituuliza kama tumegombana. Sasa unajua tulichokuwa nacho.

Sikuandikii haya ili uogope kazi yako. Umechagua vizuri. Mtu anayekaa karibu na fundi, anayesikia mashine kabla ya wengine, anayeandaa, anayeshika, huyo ndiye mwenye uhai wa mwenzake mfukoni. Idrisa hajui hilo kwa sababu hajawahi kuinama ndani ya mashine huku mtu mwingine amesimama ukutani. Wanaoinama wanajua.

Ila kuna kitu nimekiona kwangu, na naogopa kukiona kwako kwa sababu tumefanana. Sisi watu wa kusaidia tunapenda kupendwa. Tunapenda aliye mbele yetu aondoke ameridhika. Siku nyingi hilo halina ubaya, linafanya kazi iende na watu wakae kwa amani. Lakini inafika siku aliye mbele yako anataka umsaidie jambo ambalo atakayeumia nalo hayupo chumbani. Siku hiyo utajikuta unajiambia, mimi nani, mimi msaidizi tu, wenye maamuzi wapo. Nimejiambia hivyo miaka kumi na mmoja. Sauti ni tamu kweli. Inafanana na unyenyekevu.

Sikuambii utafanya nini siku hiyo. Mimi niliambiwa kwa maneno wazi kabisa, na mtu niliyemheshimu kuliko wote, na nikafanya nilivyofanya. Nakuambia tu ujue kwamba itakuja ikiwa imevaa nguo za kawaida. Yangu ilikuja na karani mwenye haraka na swali la dakika ngapi.

Na wakitaka kukupandisha, maana watataka, usikatae kwa sababu ya baba yako, wala usikubali kwa sababu ya Idrisa. Unaweza kubadilika. Mimi ninachojutia si kupanda cheo. Kuna wasimamizi wazuri waliotoka kwenye usaidizi, nimewaona. Ninachojutia ni kwamba nilikiacha kitu nilichokijua vizuri kikabaki hakina mtu, nikawa nakirudia kwa wizi, kati ya shughuli na shughuli. Ukitoka pale ulipo, hakikisha kwanza nafasi yako imepata mtu.

Limebaki moja. Wameniita. Jumatatu asubuhi natakiwa Kilosa, na Masanja ameitwa pia, tutakaa chumba kimoja. Sijui kitakachoamuliwa. Nimekuwa na hofu kubwa, sikufichi. Juzi ulikuwa unakunja nguo zako kitandani, nikasimama mlangoni nikiwa nimeshapanga maneno ya kukuomba uahirishe safari wiki moja tu, twende wote. Ukainua kichwa ukaniuliza, "Baba, unataka nikusaidie nini?" Nikasema hakuna kitu.

Ungebaki. Najua. Ungezirudisha nguo kabatini bila kuuliza swali la pili, ungewapigia simu Kibaha kwa adabu, Jumatatu ungekaa na mimi kwenye benchi la ofisi ile, na kazi yako angepewa mwingine. Wala usingewahi kunilaumu. Ndiyo sababu nimeandika badala ya kusema. Barua hii naitia katikati ya ovaroli zako mbili mpya, ambazo hutazigusa mpaka siku ya kwanza ya kazi, na siku hiyo ni hiyo hiyo Jumatatu. Utakapokuwa unaisoma mimi nitakuwa nimeshashika njia ya Kilosa.

Usipige simu, usitafute basi. Vaa, uende kazini. Mle chumbani ninaingia peke yangu.

Baba yako,
Hamisi